Magari Mawili ya Turbo na Macho ya Baba

Nyumba ya kona,
nyuma ya kiwanda cha mbao.
Jumapili, tarehe 16 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Ngedere,

Salamu kwanza, mengine baadaye. Hujambo? Mgongo uliokuwa ukikusumbua tangu mhamishe yale makabati umetulia, au bado unatembea umepinda kama msumari uliopigwa vibaya? Mkeo hajambo? Na mtoto, meno yameanza kutoka? Nikikuuliza kwa simu unajibu "wote wazima" halafu unarukia habari nyingine, kwa hiyo safari hii nijibu kwa maandishi, mmoja baada ya mwingine.

Sisi huku hatujambo. Mama goti linamuuma asubuhi. Likishapata joto analisahau na kuanza kukimbizana na kuku wa jirani. Mimi niko palepale kwenye karakana ya viti vya magari, nakata ngozi na kushona, na vidole vimekuwa vigumu kama soli. Shemeji yako bado anatengeneza lifti na bado anarudi nyumbani ananuka grisi. Habari za baba zitakuja mahali pake. Usiruke mistari kuzitafuta.

Umeniuliza jambo. Umeona magari mawili madogo ya turbo, moja la Kimarekani na jingine la Kijapani, na unataka kujua lipi lina nguvu zaidi na lipi halitakutia aibu barabarani. Ulitaka jibu fupi, najua. Lakini swali hilo lilishafika hapa nyumbani kabla halijafika kwako, na halikuishia kwenye maneno. Nitakueleza yaliyotokea, na jibu utalipata humo humo.

Gari la baba unalikumbuka, lile jekundu la Kijapani alilonunua alipostaafu kufundisha udereva. Shemeji yako naye mwaka jana akaleta la Kimarekani, la kijivu, umbo karibu sawa, nalo lina turbo. Wauzaji wasikubabaishe na neno hilo. Turbo ni kifeni kinachozungushwa na moshi wa injini ili kisukume hewa ndani, na injini ndogo ifanye kazi ya injini kubwa. Yote mawili yanacho.

Sasa unajua baba na mkwe wake hawawezi kubishana. Heshima hairuhusu. Baba hawezi kumwambia mkwewe kwamba amenunua takataka, na shemeji yako hawezi kumwambia mzee kwamba gari lake lina kelele kama mashine ya kusaga. Basi wakawa wanabishana kwa adabu, na hilo linachosha kuliko ugomvi.

"Naona leo umelipumzisha," baba anasema akiliona la kijivu limeegeshwa.

"Nalitunza, mzee," shemeji yako anajibu. "Lisije likaliacha la kwako nyuma, nikaonekana sina malezi."

Mama huwa anaongeza sauti ya redio.

Wote wawili hupeleka magari yao kwa fundi mmoja, yule wa karibu na kituo cha mafuta tunayemwita Kofia kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona kichwa wazi. Siku moja nilimuuliza lipi ni bora. Akafuta mikono, akatazama kulia na kushoto, akaninong'oneza: "Wote ni wateja wangu, dada. Unataka nife njaa?"

Lakini mtu anayeshona viti hujifunza mengi kwa kukaa tu. La shemeji yako lina viti vipana vilivyojaa, unaketi kama uko sebuleni. Milango mizito. Ukigusa mafuta tu linaondoka, maana nguvu yake inakuja mapema, injini ikiwa bado haijapandisha sauti. Linavyokunywa mafuta si habari ya kusimulia mbele ya wageni. La baba lina viti vyembamba na sponji ngumu, kila kokoto unaifahamu. Ukikanyaga mafuta, kwanza hakitokei kitu, kisha turbo inaamka na kukusukuma mgongoni kama mtu aliyekumbuka jambo ghafla. Ila usukani wake ni mwepesi na haudanganyi. Gurudumu likigusa kitu, mkono unajua.

Mwanzoni mwa mwaka baba alilileta karakana nimbadilishie kitambaa cha kiti chake. Nikaona rangi imechubuka ubavuni, upande wa abiria tu, kuanzia mlangoni hadi nyuma, michubuko ya juu na ya chini. Haikuwa ajali moja, zilikuwa nyingi ndogondogo. Nilipomuuliza alisema watu siku hizi wanaegesha vibaya. Nikamweleza mama. "Baba yako amefundisha nusu ya madereva wa mji huu," mama alisema. Halikuwa jibu, lakini lilifunga mazungumzo.

Kisha Jumamosi moja, mchana, adabu ikatushinda mezani. Shemeji yako alisema, kama vile anaongea na sahani yake, kwamba ameupanda mlima wa tangi la maji na gari halikuhema hata kidogo. Baba akaweka kijiko chini.

"Twende."

"Sasa hivi, mzee?"

"Chakula hakina miguu."

Mama akasema watu wazima na ndevu zao wanakwenda kucheza, akaanza kufunika vyombo. Mimi nikaingia kwenye gari la baba. Ile michubuko ilikuwa bado kichwani mwangu.

Walikubaliana kwamba si mashindano. Wakaondoka kama watu wanaowahi hospitali kumwona mgonjwa, kwa haraka na kwa staha. Kwenye kipande cha kwanza kilichonyooka la kijivu lilituacha kana kwamba sisi tumeegesha. Baba hakuwa na wasiwasi. Akabaki gia ya tatu, akasubiri, turbo ikaamka, na kwenye kona tukaanza kulisogelea, maana la kijivu linalala upande kwenye kona na shemeji yako hukanyaga breki mapema. Barabara iliponyooka tena, likaenda zake. Lilifika juu la kwanza, sitakuficha.

Tulipofika tulikuta boneti iko wazi na mvuke unatoka. Kiungo cha plastiki kwenye mpira wa maji ya rejeta kilikuwa kimepasuka. Shemeji yako amesimama pembeni, mikono kiunoni, anautazama mvuke kama anayesubiri ueleze umekosewa nini. Baba hakucheka. Aliliacha gari lake lingurume kidogo kabla ya kulizima, jinsi alivyowafundisha wanafunzi wake: turbo ikitoka mlimani bado ni ya moto sana, ukizima ghafla oili inaungulia humo. Kisha akatoa dumu la maji na utepe wa mpira, wakainama wote wawili chini ya boneti moja.

"Kwa mwendo nimeshindwa," baba alisema. "Sikatai."

"Na mimi nimeshinda nikabaki na mvuke," shemeji yako akasema.

Wakacheka. Sikuwahi kuwaona wakicheka pamoja tangu harusi yangu. Nikadhani shauri limekwisha, na limekwisha vizuri.

Sisi tukatangulia kushuka tumtafute Kofia atoe kiungo kingine. Baba aliendesha taratibu. Tulipofika penye maduka ya vifaa vya ujenzi, mtu mmoja akaingia barabarani kutoka upande wangu, anavuta mkokoteni wa mabati. Jua lilikuwa kali na mabati yanang'aa, mtu yeyote angemwona. Nikangoja baba apunguze. Hakupunguza. Nikaendelea kungoja, kwa sababu ni baba na ni mwalimu.

"Baba!"

"Nini?"

Aliuliza kwa utulivu kabisa, kana kwamba nataka kumwonyesha duka. Hapo ndipo nilipojua. Nikapiga kelele "Breki!" na mkono wangu ukavuta breki ya mkono. Naye akakanyaga. Gari likasimama limenyooka, matairi yananuka, na ncha ya bati la juu iko mbele ya kioo, imetuelekea.

Mwenye mkokoteni aliuweka mkokoteni chini, akatutazama. Kisha akasema, "Mzee, nilivyo mkubwa hivi na mabati yote haya, bado hukuniona?"

"Ulikuwa wapi?" baba akauliza. Hakuwa anafoka. Alikuwa anataka kujua.

Yule mtu akaonyesha kwa kidole chini ya miguu yake. "Hapa. Nilikuwa hapa hapa."

Baba akashuka. Akaenda mpaka kwenye mkokoteni, akayagusa mabati kwa kiganja kuanzia ncha moja hadi nyingine. "Nisamehe, ndugu yangu," alisema. "Sikukuona." Yule mtu alikuwa ameshaandaa matusi, yakamkauka mdomoni. Akasema tumshukuru Mungu, akashika mkokoteni wake, akavuka.

Baba akazunguka akaja kufungua mlango wangu.

"Hamia kule."

"Tukae kidogo kwanza, baba, moyo utulie."

"Maisha yangu yote nimewaambia watu kwamba asiyeona barabara asishike usukani. Hamia kule, mama."

Nikahamia. Unajua mimi naendesha mara moja moja, tena bila raha, na gari lile lina klachi ngumu. Baba hakunitazama wala hakuitazama barabara. Aliinamisha kichwa akawa anasikiliza injini. "Bado," anasema. "Bado. Sasa." Nami nabadilisha gia. Alinifikisha nyumbani hivyo, kwa masikio. Shemeji yako alitukuta njiani, kiungo chake kimefungwa kwa utepe. Alipoona ni mimi niliyekaa kwenye usukani hakupiga honi wala hakutupita. Alitufuata nyuma polepole hadi getini.

Daktari wa macho alisema ni presha ya macho. Imekula pembeni kidogo kidogo, na sasa baba anaona mbele kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, asitegee. Mama ndiye anayemtia, asubuhi na jioni, naye baba analalamika kama anachanjwa. Hakuna aliyelia, na kama yupo alilia peke yake.

Hapa nisikilize, Ngedere. Daktari alisema ugonjwa huu hutembea ndani ya familia na hauumi, kwa hiyo huusikii ukija. Mimi nimepimwa, niko salama. Wewe nenda ukapimwe kabla hujaenda kutazama gari lolote. Ndiyo sababu nimeandika kurasa zote hizi badala ya mstari mmoja.

Sasa magari yako. Kwa nguvu na raha ya kukaa, la Kimarekani limeshinda, na nimelishuhudia. Kwa kudumu, la Kijapani limeshinda: la shemeji yako limekwenda kwa Kofia mara nyingi zaidi ingawa ni jipya zaidi, na kila spea inaagizwa na kungojewa, wakati za lile jekundu zinauzwa hata pembeni ya barabara. Lakini kabla hujanunua, chomoa kijiti cha oili utazame. Oili ikiwa nyeusi na nzito kama lami, mwenye gari amelitesa, na turbo iliyoteswa haibagui ilizaliwa nchi gani. Washa injini ikiwa baridi, angalia moshi; ukiwa wa buluu, injini inaunguza oili. Papasa mipira ya maji, hasa kwenye hilo la Kimarekani. Kama mkeo ndiye atakayelitumia kila siku, chukua la Kijapani. Kama ni la kukufurahisha wewe, chukua jingine, na utafute fundi mapema.

Jekundu halikuuzwa. Baba alikataa. Sasa mimi ndiye ninayekwenda nalo kazini, na klachi imeanza kunizoea.

Juma lililopita shemeji yako alikwenda kazini na gari la ofisi, akaliacha la kijivu uani. Baba aliniomba ufunguo. Nikasita. "Siendi popote," akasema. "Nataka kukaa tu." Nikampa. Akaketi kwenye usukani, akarekebisha kiti, akarekebisha na vioo ambavyo havimsaidii kitu, akawasha. Akaliacha lingurume. Akakanyaga mafuta kidogo, akasikiliza, akakanyaga tena, macho ameyafumba. Mama alichungulia dirishani akarudi ndani. Baadaye baba akazima, akashuka, akafunga ule mlango mzito kwa mikono miwili na kunirudishia ufunguo.

"Hili gari ni zuri," akasema. "Usimwambie mwenyewe."

Sijamwambia. Na wewe ukipiga simu, fyata mdomo.

Mama anakusalimu na anasema ule. Shangazi anaulizia picha ya mtoto, ile uliyomtumia imemwonyesha kisogo. Shemeji yako anakusalimu na anakushauri ununue la Kimarekani. Baba anakusalimu na hajashauri lolote, amesema tu uendeshe polepole. Nisalimie mkeo, na umbusu mtoto mashavu yote mawili.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na akuhifadhie macho yako hadi uwaone wajukuu.

Ni mimi dada yako,
ninayekupenda hata usipojibu.