Tairi za Lami, Tairi za Meno

Wusi,
5 Oktoba 2025

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumaini jua la Voi linakuhurumia na kwamba kile kikohozi kimekuachilia. Huku sisi ni wazima. Mama pia ni mzima, hata kama hukuuliza.

Nilifurahi uliponiandikia kwamba tairi za pikipiki yako zimekuwa kipara na kwamba nikuchagulie nyingine, kwa kuwa mimi ndiye ninayesoma fizikia. Ulisema pia hujaja nyumbani tangu Aprili kwa sababu ya hizo tairi. Mama anasema ni kwa sababu ya maneno mliyorushiana Pasaka. Mimi nimeamua kuamini tairi.

Nimemuuliza fundi Phineas hapa sokoni. Kuna za lami, zenye mifereji myembamba, na kuna za meno, zenye vinundu vikubwa vya kushika matope. Nakushauri ununue za meno. Zina nguvu. Tena mvua zikianza, njia yetu ya udongo kutoka lami mpaka nyumbani hupandwa na za meno tu.

Barua hii inaletwa na shangazi Everlyne pamoja na kabeji zake za soko la Voi. Sikutaka kutumia simu ya Mama. Angesikia.

Bintiyo,
Ngina


Voi,
8 Oktoba 2025

Ngina, mama yangu mdogo,

Marahaba. Kikohozi kimepungua, ni usiku tu kinanikumbuka. Everlyne alinipa barua yako akinitazama kama mtu aliyeisoma.

Nimekusikia. Ijumaa nikitoka kazini nitapitia kwa fundi Mulei anifungie za meno. Amenicheka sana: "Musyimi, kutoka hapa mpaka Maungu ni lami tupu. Unaenda ghalani kuhesabu magunia ama unaenda kulima?" Nikamwambia binti yangu ndiye mhandisi wangu.

Asubuhi malori ya Mombasa huwa mbele na nyuma, mimi katikati kama karanga. Juzi moja lilifunga breki ghafla, gurudumu langu la nyuma likaserereka mpaka nje ya barabara. Usimwambie mama yako. Ama mwambie, sijui.

Babako


Wusi,
9 Oktoba 2025

Baba,

Shikamoo. Leo nisamehe kwa kutouliza hali, shangazi Everlyne anashuka alfajiri na lazima barua hii ikufikie kabla hujaenda kwa fundi.

Usinunue za meno.

Nilijua. Fundi Phineas aliniambia tangu mwanzo kwamba mtu wa lami hufungiwa za lami. Za meno hugusa lami kwa vile vinundu tu, kwa hivyo breki hushika kidogo, na barabara ikilowa ndiyo mbaya zaidi. Nilikuficha hayo. Ulitaka tairi za kwenda kazini, mimi nikakuchagulia tairi za kuja nyumbani. Niliposoma habari ya lori, chakula cha jioni kilinishinda.

Nunua za lami, mbele na nyuma. Usikubali zile kuukuu zilizochongwa mifereji upya kwa kisu cha moto. Zinaonekana mpya lakini mpira umebaki mwembamba.

Kama za lami haziwezi kupanda kwetu, basi haziwezi.

Nijibu upesi, hata mstari mmoja.

Bintiyo,
Ngina


Wusi,
20 Oktoba 2025

Baba,

Shikamoo. Hujambo? Nauliza kweli.

Shangazi Everlyne anasema mara mbili amekuta chumba chako kimefungwa kufuli, na kwamba ni kawaida kwa mtu wa kazi. Najua ni kawaida. Lakini pikipiki yoyote ikilia kule chini natoka nje. Jana Mama aliniuliza natafuta nini. Nikasema kuku. Akasema, "Kuku wote wako hapa, Ngina."

Bintiyo,
Ngina


Voi,
3 Novemba 2025

Mama yangu mdogo,

Marahaba, na unisamehe. Mimi ni mzima.

Barua yako ya tarehe tisa, ambayo Everlyne alimwachia mtoto wa jirani, ilinikuta kwa Mulei, gurudumu la nyuma limeshafunguliwa, tairi ya meno iko mikononi mwake. Nikamsomea. Akasema, "Huyo mtoto aje tufanye kazi naye." Akanifungia za lami. Siku tatu baadaye mvua ilinyesha, lori likasimama mbele yangu tena. Na mimi nikasimama. Nilikaa pale kando ya barabara dakika nyingi kabla ya kuwasha tena.

Sasa nikueleze kwa nini nilinyamaza. Jumamosi ya tarehe kumi na nane nilikuja. Kwenye lami nilikuwa sawa. Kwenye njia ya udongo, kona ya kwanza nikaanguka. Ya pili nikaanguka tena. Nilikuwa matope mpaka masikioni. Kutoka pale nililiona paa letu, na mama yako nje anakinga maji ya mvua. Nikafikiria nilivyoondoka na makelele yangu yote, halafu nirudi hivi? Nikageuza pikipiki.

Kwa hivyo si tairi, Ngina. Tairi ziliniacha karibu kabisa, na miguu ninayo.

Babako


Wusi,
5 Novemba 2025

Baba,

Shikamoo. Namshukuru Mungu kwamba ulisimama.

Nimemsomea Mama barua yako yote, bila ruhusa yako. Alikuwa akichambua maharagwe. Nilipofika penye matope mpaka masikioni akasema, "Hiyo ningelipa kiingilio nione." Nilipomaliza akauliza:

"Anasema aliniona?"

"Ndiyo, Mama."

"Na akageuka."

"Ndiyo."

Akaendelea kuchambua, lakini sasa alikuwa anatupa mazuri na kubakisha mabovu.

Jumamosi hii usijaribu kupanda. Acha pikipiki dukani kwa Zephaniah, pale njia yetu inapoachana na lami. Nitashuka mimi. Nitakuwa pale kuanzia saa tatu asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe.

Nilikuwa nimeandika mpaka hapo Mama alipokuja akasimama nyuma yangu. Amesoma, najua, kwa sababu nilimsikia akivuta pumzi. Sasa yuko chumbani anavuta masanduku kutoka chini ya kitanda. Ameniita:

"Ngina! Gambuti zangu za matope mlizitupa wapi?"

Wacha niende nimtafutie.

Bintiyo,
Ngina