Nimemleta Mtoto

Baba, shikamoo.

Najua ungekohoa kwanza, ndipo uitikie, halafu uulize mvua imenyesha upande gani. Imenyesha, Baba, majaruba yamejaa mpaka kwenye kingo. Lakini leo sikuandikii habari za mpunga. Nina jambo limenijaa kifuani tangu Jumamosi, nalala nalo, naamka nalo, na kila ninayemsimulia ananishangaa, mwalimu mzima nacheka huku machozi yananitoka. Wewe hutashangaa.

Unakumbuka ulivyonipeleka Butimba? Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, ualimu ndio ndoto yangu, nawe ukaamua kunipeleka chuoni vilevile ulivyonipeleka darasa la kwanza. Enzi zile mtoto alikuwa anaogeshwa, anafikishwa mbele ya mwalimu mkuu, anapitisha mkono juu ya kichwa aguse sikio la upande wa pili, basi, amepokelewa. Ukavaa koti lako zito la sherehe. Mimi nikavaa sare ya shule niliyokwisha kuimaliza. Na jogoo tulikuwa naye kwenye kikapu, wa mkuu wa chuo. Pale getini ulivua kofia, ukamwambia mlinzi kwa sauti ya mtu mwenye ng'ombe mia:

"Nimemleta mtoto."

Mlinzi yule alikuwa mstaarabu, wala hakucheka. Alitueleza taratibu kwamba chuoni mtoto haletwi hivihivi, inatangulia fomu, na fomu za mwaka ule zilikuwa zimeshafungwa. Jogoo akawika katikati ya maelezo. Ulimsikiliza mlinzi mpaka mwisho, ukamshukuru, ukamwachia yule jogoo kwa sababu, ulisema, ametueleza vizuri. Kurudi stendi mimi nilitangulia hatua kumi mbele ili watu wasijue niko na wewe. Hukuniita. Tulipofika nyumbani Magu ndipo ukasema, "Mwakani nitaujua mlango."

Na kweli uliujua. Mwaka uliofuata fomu yangu ilikuwa ya kwanza kwenda, kisha ukazunguka kila nyumba yenye mtoto wa kidato cha nne, ukiwaambia wazazi, "Fomu kwanza, mtoto baadaye." Watu walikutania kwa jogoo yule miaka na miaka, nawe ukawa unacheka nao. Mimi niliwaacha wakutanie.

Sasa njoo uone, Baba! Shuleni kwetu tuna Siku ya Vyuo, na mwandaaji mkuu ni mimi. Waliomaliza kidato cha nne wanarudi na wazazi wao, tunapanga meza uwanjani chini ya turubai, kila meza mwalimu na kompyuta, maana siku hizi maombi yanatumwa kwa mtandao. Meza ya uuguzi, meza ya ualimu, meza ya kilimo, meza ya uvuvi. Wanafunzi wangu wa zamani wanakuja kutoka vyuoni kuwaeleza wenzao, na wanavyojidai sasa, utadhani wao ndio wakuu wa vyuo. Na kwenye shuka jeupe juu ya lango tumeandika kwa rangi: FOMU KWANZA. Maneno yako hayo, hakuna mzazi anayepita bila kuyasoma au kusomewa.

Mwaka huu siku hiyo iliangukia Jumamosi, nayo ndiyo ilikuwa ya mwisho ya kutuma maombi. Wote walithibitisha kuja isipokuwa Kabula, binti anayetaka uuguzi, na kwa baiolojia nimefundisha wachache kama yeye. Alhamisi nikamkuta kando ya barabara anauza nyanya. Nikamuuliza kama barua ya mwaliko niliyompa ampelekee baba yake imefika. Akainamisha uso. Ilikuwa bado imo kwenye daftari. Tulihitaji cheti chake cha kuzaliwa, nacho kimefungiwa kwenye sanduku la baba, lakini si hilo lililomzuia. Baba yake hajui kusoma. Kabula aliogopa mzee atapewa karatasi mbele ya watu, ageuzegeuze, watu wamcheke. Bora akae nyumbani mwaka mzima.

Baba, nilikaa chini pale pale kwenye vumbi na sketi yangu ya kazi, nikamwambia nisilowahi kumwambia mtu. Sasa nakwambia na wewe. Fomu zilitangazwa shuleni. Nilisikia kwa masikio yangu, wiki nzima kabla hujavaa lile koti. Lakini ulikuwa umeshautangazia ukoo, umeshachagua jogoo, nikaogopa kukwambia kwamba hujui. Nikanyamaza, na pale getini nikakuacha ubebe aibu iliyokuwa yangu. Nisamehe, Baba. Nilikuwa na miaka ya kutosha ya kukwambia ukiwa hai, na sikukwambia.

"Mwambie baba yako," nikamwambia Kabula. "Mimi sikusema, na mpaka leo inaniuma."

Jumamosi watu walijaa! Saa sita mtandao ukakata, mwalimu wa jiografia akapanda juu ya simtanki la maji na simu yake kutafuta mawimbi, tukamshangilia kama mfungaji wa goli. Mtandao ukarudi, majina yakaenda moja baada ya jingine. Saa tisa Kabula hayupo. Saa kumi hayupo. Tukaanza kukunja meza, nami nikakataza isikunjwe ya uuguzi.

Ndipo nikamwona mzee mmoja langoni, amevaa koti zito kwenye jua lile, ameshika bahasha ya kaki kwa mikono miwili. Kabula yuko naye bega kwa bega, hakutangulia hata hatua moja. Nikawakimbilia. Nikamwamkia mzee, akavua kofia.

"Marahaba, Mwalimu. Nimemleta mtoto."

Baba, nilitazama kama ana jogoo. Hakuwa naye. Walimu wenzangu walikuwa wananitazama, mzee anasubiri na kofia yake mkononi.

"Karibu, mzee wangu," nikasema. "Mlango ndio huu."

Maombi ya Kabula yalitumwa jua halijazama, baba yake amekaa kiti cha mbele, karibu na kompyuta kuliko sisi sote.

Pumzika, Baba. Safari hii nimetembea na wewe.

Ni mimi,
mtoto uliyemleta.