Matone Matatu Kila Pistoni

Jumatatu, 3 Machi
Nina hasira mpaka mwandiko umepinda. Leo Mjomba kaninyang'anya solo, kipande changu cha kupiga peke yangu. Mbele ya bendi nzima! Eti vidole vyangu vizito kama nakanda unga. Vidole? Ni mafuta yake! Pistoni ya pili, kile kitufe cha katikati cha tarumbeta, ukiibonyeza inashuka, halafu inakaa huko chini ikijishauri kama irudi au isirudi. Mafuta ya cherehani, jamani, kwenye tarumbeta jipya!

Na kukataa huwezi. Kila mazoezi tunapanga foleni, pistoni nje, yeye anapita na kopo lake. Matone matatu kila pistoni. Miaka ishirini na nane anaongoza bendi ya kiwanda, mafuta ni yale yale. Mwaka jana nilikuja na yangu, akayafuta kwa leso, akatia yake. Leo nikamwambia kwa adabu, Mjomba, labda haya ni mazito. Akajibu mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Wakaangua kicheko wote. Mpiga ngoma ndiye aliyecheka kuliko wote — ngoma yake inatiwa mafuta gani yule?

Solo ataipiga mwenyewe, sherehe ya kiwanda, Jumamosi ya tarehe 15. Miezi mitatu nimeifanyia mazoezi. Mama anasema nimvumilie kaka yake. Nimechoka kuvumilia.

Jumatano, 5 Machi
Nimepita kwa fundi wa ala, yule wa miwani iliyofungwa uzi. Kachomoa pistoni, kaitazama mwangani. Kasema hii bado mpya, imebana, inataka mafuta mepesi kama maji. Si nilisema! Kadondosha tone moja tu — ikaruka! Nusura nimkumbatie. Akaanza kuhubiri, sijui pistoni kuukuu, sijui mafuta mazito na mianya... Nilikuwa nimeshafika mlangoni na chupa zangu mbili. Mzee yule akianza hamalizi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefanya. Saa ya chakula cha mchana chumba cha mazoezi kilikuwa kitupu, kopo liko dirishani. Nimemwaga yote, nimelisuuza, nimejaza mepesi. Mjomba ana mafua, hatanusa kitu. Kesho tutaona nani ana vidole vizito. Na sijutii. Hata chembe!

Ijumaa, 7 Machi
Foleni. Matone matatu. Ee, vidole vyangu! Vilikimbia mpaka mpiga ngoma akasahau zamu yake. Wenzangu wote wenye ala mpya waliruka hivyo hivyo.

Kisha Mjomba akasimama kupiga solo yangu. Yangu! Ikatoka nusu sauti, nusu upepo. Noti ya juu ikakataa kupanda. Akakohoa, akarudia. Wapi. Ile noti ndefu ya mwisho ndiyo iliyompa jina la Mapafu. Huwa tunamhesabia sekunde, na ishirini anafika bila kutoa jasho. Leo tuliishia saba. Hakuna aliyecheka.

Nilifurahi. Hapa sidanganyi mtu, nilifurahi. Kama dakika moja hivi.

Jumatatu, 10 Machi
Tano. Mafua yamekwisha, na bado noti imeishia tano.

Alishakwenda kwa daktari asubuhi. Kifua ni kizima, kasema daktari. Mjomba haamini. Amekaa kwenye kiti chake anajipapasa mbavu, mtu mzima yule, nikatamani ardhi ipasuke. Halafu kwenye foleni nikaziangalia pistoni zake. Zimelika mpaka zinacheza ndani. Tarumbeta lile limenizidi umri! Pistoni kuukuu — ndiyo hayo fundi aliyokuwa anahubiri!

Nimemkimbilia fundi. Kanitazama juu ya miwani. Pistoni iliyolika, kasema, inataka mafuta mazito ya kuziba mianya, la sivyo upepo unavuja wote. Kasema alinieleza, nami nikasikia nusu niliyoitaka. Kanipa chupa ya mazito. Mafuta ya cherehani ya Mjomba yalikuwa sahihi. Kwake yeye yalikuwa sahihi miaka yote!

Sasa namwambiaje? Mjomba, nimekutilia mafuta nikutie aibu? Mjinga mimi. Mjinga wa kutupwa!

Jumatano, 12 Machi
Mjomba yuko sebuleni na Mama. Amekuja na sanduku la tarumbeta lake, kaniwekea mapajani. Chukua, binti yangu, kasema. Mapafu yamegoma. Jumamosi solo ni yako, na bendi itafute mtu mwingine. Anaongea taratibu, kama anaaga. Na mimi, mwenye mdomo mrefu nyumba nzima, nikasema asante. Asante!

Nimekimbilia chumbani na sanduku. Kupitia ukuta namsikia Mama akimwambia kaka yake hakuna aibu, kila mtu huchoka. Achoke kwa lipi? Nina hasira na nafsi yangu hata meno yanauma.

Nimezifuta pistoni zake. Nimetia mazito, matone matatu kila moja, kama anavyofanya yeye. Nikapiga ile noti ndefu. Imejaa chumba kizima! Nimefika kumi na moja, na pumzi zilizoisha ni zangu.

Sebuleni kiti kinaburutwa.

Viatu vya Mjomba vinalia ukumbini. Amesimama mlangoni, hajagonga. Anauliza kwa sauti ndogo, mbona kwako linaimba?

Chupa ya mafuta bado ninayo mkononi.