Hamsini za Huruma

Shangazi Mshauri, shikamoo. Naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanigombeza, maana najua utanigombeza tu.

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, nina watoto arobaini na mmoja niliowashika tangu la pili, na kati yao yupo msichana asiyeona ambaye sisi walimu tunamwita Bibi Kimya kwa sababu tangu aje hajanyoosha mkono hata siku moja, na mimi historia naifundisha kama nilivyofundishwa, naandika ubaoni wao wananakili, yeye anakaa mikono mapajani, na muhula ukiisha namwandikia hamsini kwenye ripoti, mihula mitano sasa, hamsini hamsini, bila kumuuliza hata swali moja, Mungu anisamehe, nilijiona nina roho nzuri.

Wiki iliyopita tulifika mada ya historia ya shule yetu, nikawa nimechoka kuwaona wale wanaohangaika kusoma wakisinzia na yule mmoja asiyetulia akipanda juu ya dawati, basi nikachukua kamba ya kuanikia nguo nikaizungusha ukutani, kila hatua moja ni miaka kumi, nikaning'iniza kipande cha bati la paa la kwanza, kitasa kikuukuu, kengele iliyopasuka, nikawaambia watembee washike. Asiyetulia akatulia, wanaohangaika kusoma wakaanza kubishana kipi kilitangulia, na Bibi Kimya akapita polepole na vidole vyake mpaka penye hatua mbili tupu kati ya bati na kitasa, akasimama.

"Mwalimu, hapa watu walikwenda wapi?"

Darasa zima likaangua kicheko. Nikamwambia kitabu hakisemi.

"Lakini bibi yangu alisoma hapa miaka hiyo. Walikuwa wanakalia matofali. Kila mtoto anakuja na lake, anarudi nalo nyumbani lisiibwe."

Shangazi, kicheko kilikatika. Kesho yake akaja na tofali lenyewe, amelibeba kwenye mkoba, limechorwa jina la bibi yake kwa msumari, akaomba tuliweke chini ya pale patupu. Watoto wote walipanga foleni kulishika na hakuna aliyemsukuma mwenzake. Miaka kumi na minne nafundisha sijaona kitu kama kile, nilikaa kitini nikashindwa hata kuwaambia wakae.

Sasa ripoti zinatoka Ijumaa. Nikimwandikia anachostahili, mama yake, fundi cherehani ambaye kila muhula hunishika mikono yote miwili kunishukuru kwa hizo hamsini, ataniuliza imekuwaje, na mwalimu mkuu atataka kujua za nyuma zilitoka wapi. Naogopa kufukuzwa kazi. Nikiandika hamsini tena hakuna atakayejua. Nifanyeje?

Mwalimu wa Kamba

*

Marahaba, Mwalimu wa Kamba.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa ajili ya lile tofali. Safu hii imenizoesha waume waliotoroka na mawifi wachokozi. Leo nimefuta machozi mbele ya mhariri wangu, naye akaomba aisome. Mtoto wa darasa la tatu amekionyesha kitabu mahali kilipokosa watu! Hongera kwa ile kamba, kwa kweli.

Haya, sasa tugombane. Huruma gani hiyo? Ungemwandikia sifuri, mama yake angefika shuleni siku hiyo hiyo kuuliza kulikoni. Hamsini zako zilimrudisha nyumbani akiwa ameridhika. Eti hakuna atakayejua! Mtoto mwenyewe je? Anayekumbuka bibi yake alikalia nini, unadhani hajui kwamba hajawahi kuulizwa swali?

Kesho mtahini kwa mdomo, maswali yale yale ya wenzake, uandike jibu lake neno kwa neno, na usimwongezee hata nusu alama. Wale wanaohangaika kusoma nao uwatahini hivyo hivyo. Kabla ya Ijumaa ingia kwa mwalimu mkuu bila kuitwa, umweleze hiyo mihula mitano yote. Akikupa barua ya onyo, ipokee. Akikupa kubwa zaidi, ndiyo gharama yake, mwanangu, sitakudanganya.

Kisha nenda kwa mama, mtoto akiwepo. Usianze na sifa. Sema hivi: "Mama, zile hamsini nilizitunga. Mwanao sikuwahi kumfundisha. Nimeanza wiki iliyopita."