Stempu Mbili za Jua

Mtaa wa West Indies, Eldoret
Jumatano

Kwa kaka yangu mpendwa Lusweti,

Pokea salamu zetu. Natumaini wewe, wifi Linah na watoto mu wazima. Huku mvua haitupi nafasi ya kuanika nguo. Mguu wa mama bado unamsumbua, ila anakula vizuri.

Nakuandikia kuhusu stempu za marehemu baba. Tangu unisomee kile kidaftari chake kwa simu, kwamba mbili za Uruguay zenye picha ya jua zimeshikana, jua la moja limechapwa kichwa chini, na zisitenganishwe kamwe, sijapata amani. Kwenye albamu kulikuwa na za moja moja tu, nayo ilikuwa imelala siku tatu dukani kwa Muigai, rafiki wa baba, nilikoipeleka ikadiriwe bei. Najua yeye na baba walikusanya stempu pamoja miaka mingi. Lakini kwa nini alifunga mlango wa duka akizikagua? Kwa nini aliniuliza mara mbili kama tunajua thamani yake? Hata chai aliyonipa niliinywa nikimwangalia mikono.

Wewe ukasema utakuja Ijumaa na polisi. Ukasema pia maneno juu ya watu wa kabila la Muigai ambayo baba asingeyavumilia mezani pake, nami sikukukanya. Siku hizi mke wa Muigai, Mama Wacera, hanisalimii kanisani.

Jana Muigai aliniita. Nilienda na albamu, nikiwa tayari kugombana. Akazilaza stempu mbili za jua kwenye sahani nyeusi, moja kichwa chini, akazisogeza. Kingo zake zikaingiana sawasawa. Akanieleza kwamba stempu za zamani hizo hazikuwa na meno, zilikatwa kwa mkasi na kingo zikabaki nyoofu. Hizi kuna mtu amezitia meno, na mahali pamoja jino limekosekana. Hakuniuliza ni nani. Alisema tu, "Nelima, baba yako hangefanya hivi."

Kaka, ni mimi. Kabla ya kuipeleka albamu niliona zile za zamani hazina meno kama stempu za kawaida, nikaogopa zitadhaniwa bandia. Nikazipunguza zote kwa mkasi wangu wa meno, ule ninaokatia pindo za nguo zisifumuke. Zilizoshikana nikazitenganisha, na iliyokuwa kichwa chini nikaigeuza ikae vizuri. Nilijiona nimesaidia. Uliponisomea kidaftari nilikumbuka, halafu nikajikataza kukumbuka, kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi mwizi awe Muigai. Mkasi wangu una pengo tangu uliponiponyoka ukaanguka sakafuni. Naona haya sana.

Thamani imekwisha, na hakuna wa kumshtaki. Tafadhali njoo bila polisi, twende kwake pamoja. Nitaongea mimi kwanza.

Leo asubuhi Muigai alikuja kumjulia mama hali, kama alivyozoea kufanya baba akiwa hai. Mama aliposikia sauti yake mlangoni alificha redio chini ya blanketi. Hayo amejifunza kwangu.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na uwabusu watoto kwa niaba yangu.

Ni mimi dada yako,
Nelima