Unga wa Mtama Kaburini kwa Babu

Mdogo wangu Hamisi,

Assalamu alaikum. Mkeo na watoto hawajambo? Mikorosho imeshapuliziwa dawa? Mimi huku Muscat afya ninayo, joto tu ndilo linatukaanga, na kazi za nyumba za watu hazijui Ijumaa. Simu zangu hupokei, kwa hiyo barua hii nimempa mwenzangu anayerudi Lindi, akufikishie huko Milola mkononi.

Mama ameniambia yote. Alikwenda kaburini kwa babu kabla ya kupanda, kama kila mwaka, akasema bismillahi, akamwaga unga wa mtama na kumwambia babu tunaanza kulima. Wewe ukamwambia mbele ya majirani kwamba amemshirikisha Mwenyezi Mungu, hana dini tena. Tangu siku hiyo hata chakula chake huli.

Utasema dada hajasoma. Kweli, sikusoma kama wewe. Nikamuuliza bibi ninayemfanyia kazi, maana wewe husema Uarabuni ndiko dini ilikotoka. Sikufichi, alisema unga ule ni kosa. Kisha akaniuliza, "Na sasa mama yako anakula na nani?" Niliendelea kukunja nguo.

Kwangu mimi dini ni Mama kutuamsha alfajiri, mimi nimenuna, wewe unalia, na yeye hatuachi mpaka tumeswali. Kwako ni yaliyo kitabuni, na mila za wazee zikae mbali. Kusoma kwako sikugombi, nilikufurahia kuliko wote. Lakini ulimi hauna mfupa, Hamisi, na wako umefika pabaya. Nina hasira na wewe, tena nina hofu.

Nisalimie mkeo. Shangazi yetu mwambie miguu yake naiombea dua. Mwalimu aliyetufundisha alifu mpe shikamoo yangu.

Mama usimpe salamu, nilizungumza naye jana kwa simu ya jirani. Nilimuuliza kama ameshaswali adhuhuri. Akasema, "Mwanangu kasema nishatoka kwenye dini. Sasa niswali kama nani?"

Mama yetu, Hamisi, ameacha kuswali. Ukimaliza kusoma hapa, nenda kwake kabla ya magharibi, umwambie kwa kinywa chako mwenyewe kwamba yeye ni Mwislamu.

Ni mimi dada yako,
Somoe