Michubuko Hii Ni Yangu

Binti yangu mpendwa,

Salamu kutoka chumba cha pili. Natumai umeamka salama na mgongo wako umetulia. Mimi bado napumua. Nakuandikia ilhali ukuta mmoja tu ndio unaotutenganisha, maana kila nikifungua mdomo unaniambia nipumzike. Barua haikatizwi. Kuna jambo nimekuficha: michubuko uliyoiona nyongani na kwenye kiwiko hakunitia mtu. Nimejitia mwenyewe.

Ulimshtaki msaidizi wa tiba ya viungo kwa mkuu wa kliniki kwamba ananiangusha. Jana alikuja kuchukua mkanda wake, ule anaonifunga kiunoni ili anishike ninaposimama. Amesimamishwa kazi hadi mkutano wa kesho. Aliniomba radhi, eti huenda mikono yake imeanza kulegea bila yeye kujua. Nikanyamaza, kwa kuwa ulikuwa umesimama mlangoni. Aibu hiyo siendi nayo kaburini.

Mtaalamu wa tiba hiyo huja mara mojamoja, hupima goti, huandika mpango, huondoka. Ni kazi yake na anaijua. Lakini anayeutia mpango huo mwilini mwangu ni huyu msaidizi wake, ninayemwita Bibi Jela kwa ukali wake. Ndiye anayejua kwamba mguu wangu wa kushoto huchelewa kuamka, na kwamba nikizidisha mizaha nimechoka. Mimi ndiye niliyemwomba anifundishe kuinuka kutoka sakafuni. Alikataa katakata mpaka mtaalamu aliporidhia. Tukaanza: geuka ubavu, piga goti, shika kiti, sukuma. Siku ya kwanza aliniuliza kama nimeshuka kufanya mazoezi au nimepanga chumba huko chini. Nikamjibu kwamba kodi ni nafuu. Alicheka, ila mkono wake haukuuachia mkanda. Kisha akanionya nisithubutu nikiwa peke yangu.

Nilithubutu. Kila ulipokwenda sokoni nilishuka sakafuni, na mara nyingine sakafu ilinifuata kabla sijaifuata mimi.

Kwa hiyo kesho utanipeleka kwenye mkutano huo. Usiponipeleka nitaita teksi. Nitavaa suti, nitalala chini mbele ya mkuu wa kliniki, kisha nitainuka. Daktari amesema moyo wangu hauna safari ndefu. Sasa mtanitisha kwa lipi? Na atakayenishikia mkanda ni Bibi Jela. Mwingine asinisogelee.

Utauliza mzee anayekufa anataka kuinuka aende wapi. Unakumbuka siku uliyonikuta kwenye korido, ukapiga yowe, ukaamini kwamba ndiyo kwanza nimeanguka. Tangu hapo unanichungulia hata nikiwa usingizini, na nyumba imekuwa kimya kama ofisi siku ya Jumapili. Nataka siku nyingine nikianguka niinuke mwenyewe, polepole, wewe uendelee na yako.

Wasalimie wanao wakirudi kutoka shuleni, waambie babu yao bado ni mkaidi. Mumeo naye mpe salamu, na aniazime tai. Mungu akulinde, mwanangu. Hasira zako nazijua, ni zangu hizo, umezirithi.

Siku ile ya korido, haikuwa kweli kwamba ndiyo kwanza nimeanguka. Nilikuwa pale chini tangu ulipoanza kuosha vyombo. Ulikuwa unaimba, na tangu mama yako afariki sikuwa nimekusikia ukiimba. Sikukuita.

Ni mimi,
Baba yako